Kutia vipande vidogo na kupaka rangi modeli ya kichwa cha treni cha dizeli: mwongozo kamili

Kasoro za modeli ninazoonyeshwa na wasomaji ni zilezile. Rangi ya pili imevuja chini ya tepu na mpaka umekuwa na meno. Maandishi ya ubavuni yamezungukwa na ukingo mweupe unaometa. Vishikio vya waya vimezama ndani ya rangi nene mpaka vinaonekana kama vimemwagiwa nta. Kila anayekutwa na mojawapo hulaumu hatua aliyokuwa akiifanya, na karibu kila mara kosa lilikuwa hatua moja au mbili nyuma yake.

Kwa hiyo hapa hatua nyingi zina dalili ya kufaulu. Usipoiona, usiendelee.

Mfano tutakaofuata ni SD45 ya Southern Pacific, lililokuwa shirika la reli la magharibi mwa Marekani hadi 1996. Mashine hii iliundwa na kampuni ya EMD kati ya 1965 na 1971, ina injini ya silinda 20 na nguvu farasi 3,600. Nimeichagua kwa sababu inakukutanisha na matatizo hayo: mwili wa kijivu cheusi, ncha nyekundu (wapenzi wa reli huziita pua ya damu), mpaka mkali kati ya rangi hizo mbili, na herufi kubwa nyeupe zinazopita juu ya milango na bawaba. Watengenezaji wa modeli Kato na Athearn wote wamewahi kuitoa kwa kipimo cha HO, yaani 1:87, na modeli yake ina urefu wa takriban sentimita 23.

Mwenye ndoto ya kuunda kichwa cha Kenya au cha Tanzania cha reli ya mita moja atatumia njia hizihizi. Kitakachobadilika ni upana wa magurudumu (kwa 1:87 hutumika njia ya milimita 12) na ukweli kwamba ganda lenyewe pengine utalijenga mwenyewe.

## Vifaa

Vya kukatia na kutobolea
- Kisu chembamba cha modeli na wembe mpya wa kutosha. Wembe butu huchana plastiki.
- Keekee ndogo ya mkono, na biti za milimita 0.35 hadi 0.5. Nunua biti za akiba, zinavunjika.
- Koleo dogo la kukatia na kibano chenye ncha kali.
- Waya wa shaba wa milimita 0.3.
- Msasa wa maji namba 600, 1000 na 2000. Huu upo katika maduka ya rangi za magari, iwe Kariakoo au Kirinyaga Road.

Vipande vya nyongeza
- Vishikio, pete za kunyanyulia, honi, vipangusa vioo, mabomba ya hewa ya breki, wenzo wa kufungulia kiunganishi, na jembe la theluji la mbele. Details West, Detail Associates na Cal-Scale ni majina ya kutafuta unapoagiza.
- Viunganishi vya Kadee na kipimo chao cha urefu.

Vya rangi
- Brashi ya hewa yenye tundu la milimita 0.3 hadi 0.5, kompresa yenye kidhibiti cha presha, na kichujio cha maji kwenye mpira wake. Kwa mkaazi wa pwani kichujio hiki ni cha lazima.
- Praima ya kijivu hafifu ya plastiki, rangi nyekundu, rangi ya kijivu cheusi, vanishi ya kung'aa na vanishi isiyong'aa.
- Tina ya rangi hiyohiyo, ya kampuni hiyohiyo.
- Tepu ya kufunikia ya modeli. Ya Tamiya inafaa sana. Tepu ya karatasi ya mafundi wa nyumba ina gundi kali na ukingo mbovu.
- Dekali (maandishi ya kubandika kwa maji) za Southern Pacific za Microscale, pamoja na Micro Set na Micro Sol, dawa za kuzishikisha na kuzilainisha.
- Alkoholi ya isopropili, sabuni ya kuoshea vyombo, vijiti vya pamba, vijiti vya meno.
- Maji yasiyo na chumvi. Maji ya betri yanafaa, lakini soma chupa: yale ya kuongezea tu, siyo asidi.

Vya kukulinda
- Barakoa yenye chujio za mvuke wa kemikali. Kitambaa, au ile ya hospitalini, haizuii mvuke.
- Dirisha lililo wazi na feni inayotoa hewa nje. Jiko lisiwe linawaka karibu.

Onyo kuhusu tina. Tina ya rangi za magari inayouzwa kwa kupimiwa ni kali mno. Huyeyusha plastiki ya polistireni na kufuta bawaba na misumari yote iliyoumbwa kwenye ganda. Bei yake ndogo isikushawishi. Itumie kusafishia brashi ya hewa, basi.

## Hatua ya 1: Chagua picha moja na mwaka mmoja

Kichwa cha treni kilichofanya kazi miaka 25 hakikuwa na sura moja. Southern Pacific ilizikarabati SD45 nyingi katika karakana yake ya Sacramento na kuzipa namba mpya za mfululizo wa 7400 na 7500. Taa zikaongezwa au kuondolewa, na kufikia miaka ya 1990 hata mtindo wa maandishi ulibadilika. Ukichanganya taa za 1968 na maandishi ya 1992, umeunda mashine ambayo haikuwahi kuwepo.

Tafuta picha za namba moja, ikiwezekana pande zote mbili na juu. Ziandike tarehe. Kisha orodhesha kilichomo pichani na hakimo kwenye modeli yako.

Angalia zaidi pua. Shirika hili lilisifika kwa kurundika taa mbele: taa mbili za kawaida, taa za kuyumba, na taa nyekundu ya dharura. Mpangilio ulitofautiana kwa oda na kwa mwaka, kwa hiyo usinakili kutoka kwenye modeli ya mwenzako.

*Umefaulu ukiwa na* karatasi moja yenye mwaka, namba, na orodha ya vipande.

## Hatua ya 2: Jaribu mwendo, kisha fungua

Iendeshe mashine kwenye reli kabla ya kuigusa. Kama inakwaruza au inasitasita, tengeneza sasa. Kufungua na kufunga ganda lililokwisha kupakwa rangi ndiko kunakoacha alama za vidole.

Toa ganda, vioo, taa, fito za kushikilia na viunganishi. Kila kundi liwe na mfuko wake wenye jina.

## Hatua ya 3: Ondoa rangi ya kiwandani

Kama umenunua ganda lisilopakwa rangi, ruka hatua hii.

Maandishi peke yake huondolewa kwa kijiti cha pamba chenye alkoholi ya isopropili na subira. Rangi yote huondolewa kwa kulaza ganda ndani ya alkoholi hiyo (asilimia 90 au zaidi) kwenye chombo chenye kifuniko. Likague kila baada ya muda mfupi na kusugua kwa mswaki laini. Jaribu kwanza ndani ya ganda, mahali pasipoonekana, kwani si kila plastiki huvumilia.

Wapo wanaotumia mafuta ya breki. Yanaondoa rangi, ni kweli, lakini yanaweza kuacha plastiki ikiwa kavu na yenye kukatika, na hayasafishiki kwa urahisi pembeni. Mimi siyashauri.

*Umefaulu* rangi ya plastiki inapoonekana kila mahali na mistari ya milango haijajazwa na mabaki.

## Hatua ya 4: Nyoa vilivyoumbwa, toboa matundu

Modeli za zamani zina vishikio vilivyoumbwa pamoja na ganda, kama vijistari vilivyovimba. Vinyoe kwa wembe uliolazwa karibu sambamba na ganda, kidogokidogo, ukikata kuelekea mahali patupu na kamwe si kuelekea kidole. Maliza kwa msasa wa 600 uliokunjwa kuwa kipande chembamba, halafu 1000.

Usikimbilie kunyoa bila kutia alama. Kabla kishikio hakijaondoka, chokoa vishimo viwili kwa sindano pale kinapoanzia na kinapoishia. Vishimo hivyo ndivyo vitakavyoshika ncha ya biti. Biti isiyo na kishimo huteleza, na ngazi ya pua ikipinda kwa nusu milimita jicho huliona hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Zungusha keekee kwa vidole, bila kukandamiza. Biti hizi huvunjika kwa kusukumwa pembeni kuliko kwa kitu kingine. Ikivunjikia ndani, isukume itoke kwa upande wa ndani wa ganda.

*Umefaulu* unapoliangalia ganda kutoka juu na matundu ya ngazi yakawa kwenye mistari miwili iliyonyooka.

## Hatua ya 5: Vishikio, pete na vya kwenye paa

Unaweza kununua vishikio vilivyokwisha kukunjwa au ukunje mwenyewe kwa waya wa milimita 0.3. Ukikunja mwenyewe, tengeneza kiolezo cha kipande cha bati ili vyote vilingane.

Ingiza kishikio, chini yake weka ukanda wa kadibodi ili umbali kutoka ganda uwe mmoja kwa vyote, kisha tia gundi kutokea ndani ya ganda. Tone dogo la supaglu kwenye ncha ya waya linatosha. Gundi inayotiwa kwa nje hufanya kilima kidogo kwenye mguu wa kishikio. Rangi haikifichi, inakionyesha.

Kwenye paa weka pete za kunyanyulia na honi. Hesabu tarumbeta za honi kwenye picha yako na tazama zinaelekea wapi, kwa sababu mara nyingi hazielekei mbele zote. SD45 ina feni tatu za rejeta nyuma na rejeta zilizopanuka kwa juu kama mabega. Kama modeli yako ina feni zilizozibwa kwa plastiki, feni za shaba zenye matundu hubadilisha sura yake yote, lakini hiyo ni kazi ya hiari.

Vitu vya kuacha mpaka baada ya rangi: vioo, vipangusa vioo, lenzi za taa, na mabomba ya hewa. Hivi vina rangi zake na vitakuzuia usibandike tepu vizuri.

## Hatua ya 6: Chini ya pua

Jembe la theluji, wenzo wa kufungulia kiunganishi na ngazi za pembeni huwekwa sasa. Kabla ya kutia gundi, rudisha ganda kwenye chasisi, weka kiunganishi na upitishe mashine kwenye kona kali kuliko zote ulizo nazo. Jembe likigusa reli au kiunganishi kikishindwa kugeuka, punguza sasa.

## Hatua ya 7: Osha

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayobandua rangi. Plastiki hutoka kiwandani ikiwa na mafuta ya kutenganishia na kalibu, na vidole vyako vimeongeza mengine.

Osha ganda kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki laini. Suuza kwa maji mengi, mwisho kwa yale maji yasiyo na chumvi. Liache likauke lenyewe chini ya boksi lililofunikwa ili vumbi lisiingie. Usilifute kwa taulo.

Kuanzia hapa ganda lishikwe kwa ndani tu. Libane kwenye kipande cha mbao kinachoingia ndani yake kwa kukaza kidogo. Hicho ndicho mkono wako hadi mwisho wa kazi.

Fito za kushikilia zina shida yake. Nyingi za siku hizi ni za plastiki laini inayoteleza, na rangi ya kawaida hubanduka kila zinapopinda. Zipulizie kwanza praima ya kushikizia ya bampa za magari, zikiwa mbali na ganda, halafu rangi.

*Umefaulu* ganda likiwa limekauka bila alama za mafuta wala sabuni.

## Hatua ya 8: Praima

Praima ina kazi mbili: kushikisha rangi, na kukuonyesha makosa ya hatua ya 4. Pulizia tabaka mbili nyembamba, sentimita 10 hadi 15 kutoka ganda, ukianza kupuliza kabla ya kulifikia na kuacha baada ya kulipita.

Ikikauka, ligeuze ganda chini ya taa kali. Mikwaruzo na mashimo yote sasa yana kivuli. Jaza kwa puti laini, piga msasa wa 1000, puliza tena mahali hapo. Rudia mpaka uridhike. Hakuna tabaka la mbele litakaloficha ulichokiona hapa.

Hali ya hewa. Mwambao wakati wa masika, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba rangi za viyeyusho vikali hufanya ukungu mweupe zikikauka. Subiri mchana wenye jua na upepo mdogo, au baki kwenye rangi za akriliki. Wa bara kavu wana adui mwingine, vumbi: nyunyiza maji sakafuni kabla ya kupuliza.

## Hatua ya 9: Nyekundu kwanza

Wengi huanza na kijivu kwa sababu ndicho kinachochukua eneo kubwa. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Nyekundu ina uwezo mdogo wa kufunika. Juu ya kijivu cheusi utahitaji tabaka nyingi, na mwishowe itakuwa ya kahawia na nene. Juu ya praima hafifu inawaka kwa tabaka tatu nyembamba. Kijivu cheusi, kwa upande wake, hufunika nyekundu bila taabu.

Baadhi ya watengenezaji, kama Tru-Color, huuza rangi mahsusi za shirika hili: nyekundu na kijivu chake. Zina viyeyusho vikali, kwa hiyo chumba kiwe na hewa. Rangi za akriliki za Tamiya au Vallejo zinafaa pia ukizilinganisha na picha zako. Ukichanganya mwenyewe, changanya ya kutosha na kuhifadhi kichupa cha masahihisho. Kijivu kiongezee matone machache ya nyeupe: rangi iliyo sahihi kwenye mashine ya mita 20 huonekana nyeusi tupu kwenye kitu cha sentimita 23, na bawaba zote hupotea.

Rangi ndani ya brashi ya hewa iwe kama maziwa freshi, si mtindi. Kwa akriliki za Tamiya anza na tina sawa kwa sawa. Presha iwe kati ya psi 15 na 20.

Tabaka la kwanza la nyekundu lionekane kama vumbi; praima bado itaonekana. La pili lizidi kidogo. La tatu lifunike. Ukitaka kufunika kwa mara moja, rangi itakimbilia kwenye kona na kujaza mistari ya milango. Hapo ndipo vishikio huzama.

Rangi ikifika ikiwa kavu na uso ukawa na chembechembe kama mchanga, sogea karibu au ongeza tina. Kwenye joto la pwani hili hutokea sana. Ikitiririka, sogea mbali.

Acha ikauke kabisa. Kipimo rahisi ni pua yako: kama ganda bado linanuka rangi, bado halijawa tayari kubandikwa tepu.

*Umefaulu* nyekundu ikiwa na kina kimoja kila mahali, na mistari ya milango bado ni mikali.

## Hatua ya 10: Tepu, kisha kijivu

Hapa usiharakishe hata kidogo. Jioni nzima ikienda kwenye tepu tu, haijapotea.

Kata ukingo mpya. Bandika tepu kwenye kioo na ukate ukanda wa milimita mbili kwa rula na wembe mpya. Ukingo wa kiwandani umeshakusanya vumbi na nyuzi, na rangi hupitia hapohapo. Kuibandua kwenye kioo kunapunguza pia nguvu ya gundi yake, jambo unalolitaka.

Weka mpaka kwanza, eneo baadaye. Ukanda mwembamba hupinda kufuata umbo. Uweke kwenye mpaka wa nyekundu na kijivu, ukipima kutoka vitu visivyobadilika kwenye picha: bawaba ya ngapi, kona ya dirisha, mstari wa mlango. Upande wa pili fanya vivyo hivyo, kisha tazama kutoka mbele na kutoka juu kama pande mbili zinalingana. Ndipo ufunike eneo lililobaki kwa tepu pana na karatasi. Ncha zilizopinda za nyekundu zikatie kwenye kioo kwa kiolezo cha karatasi, vipande viwili kwa pamoja ili kushoto na kulia viwe sawa.

Sukumiza tepu kwenye kila kona. Tumia kijiti cha meno kilichonolewa kuwa bapa. Tepu ikipita juu ya bawaba au kishikio, huacha hema dogo pembeni. Ichane kidogo kwa wembe na kuisukuma chini. Pale isipowezekana kabisa, tia tone la maski ya maji (kimiminika kinachokauka kuwa utando wa kubandua) kwa brashi nyembamba.

Ziba ukingo kwa nyekundu. Hii ndiyo siri ya mpaka usio na meno. Kabla ya kijivu, pulizia tabaka jembamba sana la *nyekundu ileile* juu ya ukingo wa tepu. Kama kuna upenyo, utazibwa na nyekundu, na nyekundu iliyovuja juu ya nyekundu haionekani. Ikikauka ndipo upulizie kijivu.

Kijivu kipulizwe kutoka upande wa tepu kuelekea nje, kamwe si kuelekea ukingo, maana upepo wa brashi husukuma rangi chini yake. Tabaka nyembamba, mbili au tatu.

Bandua mapema. Kijivu kinapokuwa kimekauka juu lakini hakijawa kigumu, vuta tepu ukiikunja ijirudie yenyewe, taratibu, sambamba na ganda. Ukingoja mpaka rangi iwe ngumu, itakatika vipande na kuacha ngazi unayoihisi kwa kucha.

Palipovuja licha ya yote, usifute kwa tina. Kwangua kwa ncha ya kijiti cha meno, kisha gusa kwa brashi nyembamba.

*Umefaulu* ukipitisha kucha kwenye mpaka na usihisi karibu kitu.

## Hatua ya 11: Vanishi ya kung'aa, kisha dekali

Ule ukingo mweupe unaozunguka herufi ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wa mabonde madogo. Dekali hulala juu ya vilele na hewa hunaswa chini. Hakuna dawa ya kuondoa hewa hiyo vizuri baadaye. Kwa hiyo puliza vanishi ya kung'aa, Tamiya X-22 kwa mfano, tabaka mbili, mpaka uone taa ya chumba ikijitazama kwenye ubavu wa boneti. Iache siku moja au mbili.

Kata dekali karibu kabisa na herufi. Maneno SOUTHERN PACIFIC ni marefu, na yakikosea nafasi yanaharibu ubavu mzima. Usikisie: tazama kwenye picha kila herufi iko kwenye mlango wa ngapi, na bandika ukanda wa tepu chini kama mstari wa kuandikia. Gawa neno vipande viwili au vitatu ukiona ni refu mno kwa mkono wako.

1. Tumbukiza dekali kwenye maji kwa sekunde 10 hadi 15, itoe, iweke kwenye kitambaa cha karatasi hadi ianze kuteleza yenyewe. Ikiachwa majini gundi yake huoshwa.
2. Lowesha mahali pake kwa Micro Set.
3. Itelezeshe kutoka kwenye karatasi yake moja kwa moja hadi kwenye ganda. Sogeza kwa brashi yenye maji.
4. Ikikaa sawa, nyonya maji kwa ncha ya kitambaa. Usisugue.
5. Ikikauka, paka Micro Sol na uondoe mikono. Dekali itakunjamana na utadhani imeharibika. Inalainika ili ilale kwenye bawaba. Ukiigusa sasa itachanika.
6. Ikikauka tena, chana kwa wembe kwenye mistari ya milango, toboa mapovu kwa sindano, paka Micro Sol tena. Juu ya milango na makomeo mara nyingi itabidi urudie.

Mwisho pitisha kijiti cha pamba chenye maji kuondoa gundi iliyobaki, vinginevyo itageuka madoa ya njano.

*Umefaulu* herufi zinapoonekana zimepakwa, na mlango uliopo chini ya herufi O bado una mistari yake.

## Hatua ya 12: Vanishi isiyong'aa

Tabaka moja au mawili membamba. Dullcote ya Testors ni ya viyeyusho na hukauka haraka, lakini kumbuka onyo la unyevu. Tikisa chupa kwa muda mrefu: unga wa kupunguza mng'ao hukaa chini, na usipochanganyika hutoka kama vumbi jeupe. Juu ya kijivu cheusi hilo litakusikitisha.

## Hatua ya 13: Uchakavu

Modeli safi kabisa ya shirika hili ni ya siku yake ya kwanza kazini. Mashine zake zilipanda njia ya mlimani ya Donner Pass, zikapita kwenye mahandaki na mabanda ya kuzuia theluji, moshi ukirudi juu yao wenyewe.

Anza na masizi: rangi nyeusi isiyong'aa iliyozimuliwa sana, kuzunguka bomba la moshi na kando ya paa. Kwenye milango, maji ya rangi ya kahawia nyeusi yaingie kwenye mistari, kisha uyafute kwa kuelekea chini. Fremu za magurudumu na tangi la mafuta zipate vumbi la kahawia hafifu, au unga wa chaki za pasteli.

Acha mapema kuliko unavyotaka. Nyekundu ya pua ikipotea, kazi yote ya hatua ya 9 na 10 imekwenda bure.

## Hatua ya 14: Kurudisha pamoja

Weka vioo kwa gundi ya vioo inayokauka bila rangi. Supaglu hutoa mvuke unaotia ukungu mweupe kwenye kioo na kwenye rangi. Kisha vipangusa vioo, lenzi, na mabomba ya hewa yaliyopakwa nyeusi pembeni.

Pima urefu wa viunganishi kwa kipimo cha Kadee. Safisha magurudumu, kwa sababu ukungu wa rangi hufika hata mahali ulipodhani umefunika, na gurudumu lenye rangi halipitishi umeme.

Ukiinyanyua, shika tangi la mafuta na paa, kamwe si fito za kushikilia. Na kabla ya kuirudisha kwenye boksi, subiri wiki kadhaa au uizungushie karatasi laini isiyo na wino. Nailoni yenye mapovu ikigusa rangi changa, huacha alama ya mviringo kwa kila povu.